Galaksi Isiyo na Jirani

Kituo cha madishi, bondeni
4 Machi

Gogo mdogo wangu,

Kabla hujaanza kulalamika kwamba dada yako amekususa, ujue kwamba hapa simu ni marufuku. Si utani. Madishi yetu yanasikiliza mnong'ono wa gesi kutoka mbali kusikosemeka, na simu moja mfukoni inapiga kelele kuliko mbingu nzima. Tumekatazwa simu, redio, hata lile jiko la umeme la kupashia viporo. Gari lenyewe la kutuletea mboga na barua ni kuukuu, la dizeli, kwa sababu injini za petroli hutoa cheche na cheche nazo husikika. Kwa hiyo tutaandikiana kama wazee wetu. Na ukininyima barua nitakuja kukuvuta masikio, na hayo mabavu yako yote.

Siku ile stendi uliniuliza ninatafuta nini hasa, gari likaondoka kabla sijakujibu. Nina galaksi moja. Kwa upana inalingana na hii tunayoishi, lakini nyota zake ni chache na zimetawanyika mno, hata unaona galaksi nyingine katikati yake kama unavyoona mtu nyuma ya pazia lililochakaa. Imefifia kiasi kwamba wenzangu wawili waliitazama pichani wakadhani ni uchafu wa kioo. Na haizai tena nyota. Zote zilizomo ni nzee. Nyota huzaliwa kwenye gesi baridi, na gesi ikiisha, uzazi umekwisha. Kazi yangu ni kujua gesi ya huyu ilikwenda wapi.

Zipo njia mbili, na zote mbili ni za kinyama. Utazipenda wewe. Ya kwanza ni kuporwa. Galaksi nyingi hukaa katika makundi makubwa, na kati yake pamejaa gesi ya moto ajabu. Galaksi ndogo ikiingia humo kwa kasi, gesi ile inaipiga usoni, inaichuna gesi yake na kuitupa nyuma, vipande vipande, huku nyota zikibaki mahali pake bila kitu cha kuzalia wenzao. Galaksi kubwa hupita humo humo na hazijali. Ndogo hutoka zimevuliwa nguo. Njia ya pili ni kujimaliza: nyota zake zenyewe zinalipuka ndani kwa ndani mpaka zinaifukuza gesi yote nje.

Msalimie wifi, mwambie gauni alilonishonea limewatoa macho wanasayansi wote. Mbusu binti yenu mashavu yote mawili, mwambie ni ya shangazi. Mjomba, huyo kocha wako, sina salamu naye, na umwambie hivyo hivyo.

Dada yako


Nyumbani
19 Machi

Shikamoo dada, mwenye mbingu zako,

Barua imefika ikinuka dizeli. Binti yako ameinusa akasema shangazi amekuwa fundi magari.

Sasa ndiyo naelewa kwa nini ulisoma miaka yote ile. Kumbe huko juu ni ngumi tu! Ungesema mapema tungekufungulia ulingo.

Mimi niko kule kule ukumbini kwa Mjomba. Bingwa ana pambano la mkanda mwezi wa sita, na kazi yangu ni kumnoa. Wenzangu wananiita gunia lenye miguu, lakini wanasema kwa heshima, maana tangu Mjomba anipe jina hili la Gogo hakuna aliyeniangusha. Pambano langu mwenyewe halipo mwaka huu. Mjomba anasema mwakani, kama alivyosema mwaka jana.

Ngoja nikupe ya wiki hii. Mjomba alikuwa kwenye kona anampigia Bingwa kelele, "Piga! Piga! Piga!" Ile piga ya mwisho meno yake ya bandia yakaruka mpaka katikati ya ulingo. Bingwa akadhani ni kinga yangu ya meno imenitoka, akazidisha makonde. Mjomba anataka kumwambia asiyakanyage, lakini hana meno, anatoa upepo mtupu. Yakakanyagwa, dada. Tulicheka mpaka mfagiaji akakaa chini. Sasa Mjomba anakula uji na hasira.

Wifi yako mzima, cherehani inalia kutwa. Anasema juzi nilimwita kwa jina la mama. Wanawake mnapenda kutia chumvi. Kichwa kinanigonga kidogo jua likiwa kali, lakini ni jua tu.

Mdogo wako asiyeanguka,
Gogo


Kituo cha madishi
2 Aprili

Gogo,

Yale meno yameniua. Nimewasomea watu mezani, mkuu wa kituo amepaliwa na chai.

Tumesikiliza galaksi yangu usiku na mchana, na hakuna kitu. Kimya. Haina gesi hata ya kujaza kijiko, kwa namna ya kusema. Basi nikaangalia majirani, nani angeweza kuipora, na hana jirani. Iko peke yake kabisa. Kundi kubwa la karibu liko mbali mno, nimeliandika hivyo mwenyewe kwa mkono wangu na kulifuta kwenye hesabu. Kwa hiyo imebaki njia ya pili. Ilijimaliza yenyewe. Fikiria nyota kubwa inavyokufa: moyo wake unaporomoka ndani kwa kufumba na kufumbua, halafu inalipuka na kuwaka kuliko galaksi nzima, na mlipuko unaisukuma gesi yote iliyo jirani. Sasa fikiria hizo zikilipuka moja baada ya nyingine katika galaksi dhaifu isiyo na uzito wa kuishika gesi yake. Inavimba, inatawanyika, inabaki tupu. Hakuna aliyeigusa. Nimeshaanza kuandika makala, na watu hapa wananitazama kwa jicho jingine.

Wifi ameniandikia mistari miwili nyuma ya bahasha yako. Anasema unakaa chumbani mapazia yamefungwa na huongei. Kuna nini? Mnagombana? Niambie kweli, na usiniletee habari za jua. Una pambano ulilonificha?

Dada


Nyumbani
20 Aprili

Shikamoo dada,

Sijakuficha pambano. Sina pambano.

Nilikwenda kwa daktari kwa sababu mama watoto alilia. Daktari aliniuliza nimepigana mapambano mangapi, nikamtajia, ni machache tu, na la mwisho ni la zamani. Akasema basi si makonde, kwa mapambano hayo kichwa kingekuwa kizima. Akanipa vidonge vya usingizi na kuniambia nipunguze mawazo. Mimi mawazo yenyewe sina. Hilo ndilo linalonitisha.

Mwanga unaniuma. Nikianza sentensi, mwisho wake unapotea. Na hasira, dada. Zinakuja bila kubisha hodi. Jumapili nilivunja mlango wa kabati kwa kichwa kwa sababu shati halikuwepo, kumbe nimelivaa. Binti alikuwa anatazama.

Ngoja nikuchekeshe kidogo. Mjomba alikuwa kwenye kona anapiga kelele, meno yake ya bandia yakaruka ulingoni, na Bingwa akayakanyaga. Mfagiaji alicheka mpaka akakaa chini.

Nina swali na nataka jibu moja. Mjomba anasema pambano la Bingwa limekaribia na bila mimi hana wa kumnoa. Mama watoto anasema niache, nitafute kazi ya ulinzi au hata ya kubeba mizigo. Mimi nimechoka kuamua. Wewe ndiye msomi wetu. Niendelee au niache? Utakalosema nitalifuata, na mama watoto amekubali hivyo.

Gogo


Kituo cha madishi
3 Mei

Mdogo wangu mwenye kichwa kigumu,

Kwanza, ile ya meno ulikwisha niandikia. Umeanza uzee kabla yangu.

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Nimekumbuka baba. Alivyokuwa akikaa ameelekea ukuta, tumekatazwa kupiga kelele, halafu ghafla sahani zinaruka. Hakuna aliyempiga baba. Alikuwa na kitu ndani kikimla, na kadiri alivyokaa bure ndivyo kilivyomla zaidi. Tulimwona siku alipoacha kazi, hakufika popote. Daktari amekwambia si makonde, na mimi namwamini, kwa sababu pambano huna. Basi hili linatoka ndani yako, na sijui dawa ya kitu kinachotoka ndani isipokuwa kukitoa kwa jasho. Usikae kwenye giza ukakilea.

Jibu langu ni hili: rudi ulingoni. Amka asubuhi, kimbia, nenda ukumbini, kaa na watu. Wifi nitamwandikia mwenyewe nimweleze, asinikasirikie.

Makala yangu imepokelewa, inasomwa na wakaguzi. Mmoja ameuliza swali la kijinga kuhusu kasi ya galaksi. Nitamjibu nimkomeshe.

Dada anayekupenda


Ukumbini
17 Mei

Shikamoo dada,

Nimefanya ulivyosema. Barua yako nimeibandika ukutani juu ya meza ya kulia ili nisisahau.

Jumanne tulianza na kinga ya kichwa. Mjomba akaivua. Anasema Bingwa lazima azoee kuuona uso unavyobadilika ukipigwa. Sheria ni zile zile za kila siku: simrudishii usoni, asije akachanika kabla ya siku yake, na sianguki, maana nikianguka namkatia mwendo. Alianza na mbavu. Halafu ini, ile ya ini unasikia miguu inakuaga. Halafu sikio la kushoto, mara nyingi, mpaka likawa linapiga filimbi lenyewe. Nilitapika kwenye ndoo ya mate, kengele ikalia, nikarudi. Kuna ngumi moja sikuiona. Niliona taa ya juu, nikaona watu wanasema, lakini sauti hazikuja. Nilikuwa nimesimama. Wote wanasema nilikuwa nimesimama.

Jumatano vile vile. Alhamisi vile vile. Ndivyo ilivyo tangu niingie hapa, sikuwahi kukuandikia kwa sababu si habari. Hata daktari sikumwambia. Yeye aliuliza mapambano, na mazoezi hayahesabiwi.

Mjomba ameniwekea mkono begani akasema mimi ni mwanamume.

Gogo


Kituo cha madishi
28 Mei

Gogo,

Nimekosea, na nataka wewe uwe wa kwanza kunicheka.

Yule mkaguzi niliyemwita mjinga aliuliza kasi ya galaksi. Wenzetu wa darubini ya vioo wamenipimia. Mdogo wangu, inakimbia! Inakwenda kasi isiyoelezeka kwa kitu kinachokaa peke yake, kwa sababu hapo ilipo hakuna cha kuivuta wala cha kuisukuma. Nikairudisha nyuma njia yake kwenye kompyuta, na njia inaishia katikati ya lile kundi kubwa nililolifuta. Iliingia mle zamani ikiwa ndogo, ina gesi tele, nyota zinazaliwa ndani yake. Ikapita katikati. Ikapigwa, ikachunwa, ikavutwa huku na huku mpaka ikavimba na kutawanyika hivi, halafu ikatupwa nje upande wa pili. Sisi tumeikuta huku mbali imetulia, tukatazama kulia na kushoto, tukasema haina jirani, basi ilijimaliza yenyewe. Makala yote imekufa. Nitaiandika upya na

Niliacha kalamu hapo. Gari la posta lilifika na barua yako ya tarehe kumi na saba. Nimeisoma nimesimama getini.

Toka humo. Sasa hivi. Usimalize hata kusoma, toka, nenda kwa wifi, nenda kwa jirani, kaa barabarani ukitaka, lakini toka kwa yule mtu.

Nilikuuliza kama una pambano ukasema huna, na hukunidanganya. Sikukuuliza unapigwa mara ngapi. Baba hahusiki hapa, na hakuna kitu kinachotoka ndani yako. Umepigwa kichwani miaka yote hiyo bila mtu kuhesabu, na mimi niliposoma kwamba umeanza kuzimika niliangalia majirani zako, sikuona mtu, nikakurudisha mle kwa mwandiko wangu mwenyewe. Ningeweza kujikata huu mkono.

Simu ya waya ya kituo ni ya dharura za mitambo tu na ina kufuli. Nimelivunja kwa nyundo. Yako imezimwa. Ya wifi inaita, inapokelewa, halafu nasikia mtu anapumua bila kusema neno. Nikapiga ukumbini. Akapokea Mjomba. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kwamba ninayajua. Akasema, "Mwanangu, si mazoezi tu hayo?" Akakata.

Gari limefia getini, fundi ameingia chini yake na hatoki. Mlinzi anashuka kwa baiskeli mpaka njia panda, nampa hii. Gari lisipopona kesho nashuka kwa miguu.

Dada


Kwa mama yangu
29 Mei

Wifi,

Sikuandikii kukusalimu. Taya langu limefungwa waya, siwezi kusema. Jana ulipiga simu nikapokea nikabaki kukupumulia, nikaona heri niandike.

Mdogo wako alirudi kutoka ukumbini jioni ya Jumamosi akakaa mezani. Sikio lilikuwa linatoka maji ya damu, nikawa namfuta. Binti alikuwa anaosha vyombo akaangusha mfuniko wa sufuria sakafuni. Mlio wake ulikuwa kama wa kengele. Wifi, yule mtu alisimama mikono juu kabla mfuniko haujatulia.

Alinipiga ya mbavu kwanza, halafu ya taya. Hakunipiga kama mume mwenye hasira, nimeona waume wa wenzangu, najua wanavyopiga. Alinipiga kwa ufundi, bila chuki yoyote, macho yake yakiwa kifuani pangu. Nilipoanguka hakunifuata. Alirudi nyuma mpaka kwenye kona ya jiko, akashusha mikono, akasimama pale akisubiri mtu ahesabu. Binti alikuwa chini ya cherehani yangu, ameziba masikio.

Nilisikia meno yangu yanahama mdomoni. Sijui nilikaa pale sakafuni muda gani. Halafu nikamwona anatoka kwenye kona anakuja, nikajua nimekwisha. Akapiga magoti, akanishika uso taratibu, akaniuliza, "Nani amekufanyia hivi?"

Nilimwambia kwa kidole. Alitazama mikono yake. Sijawahi kumsikia mwanamume akilia sauti ile na sitaki kuisikia tena.

Asubuhi Mjomba alikuja na gari na begi lake. Nilikuwa hospitali, jirani ndiye aliyeona. Alisema mwanamume akikaa nyumbani analegea, kambini ndiko atakakotulia. Akamwambia pia kwamba mke hupona. Mdogo wako akapanda gari kama mtoto anayepelekwa shule. Mpaka leo yuko kule, na Bingwa anampiga kila siku.

Barua yako iko ukutani kwangu: rudi ulingoni. Nilikubali tukuulize wewe kwa sababu nilijua utamwambia aache. Nilikuwa na uhakika. Sikuchukii, lakini usitarajie nikufariji.

Mimi hawezi kunisikiliza tena, akiniona anaficha mikono. Mjomba atanicheka. Umebaki wewe. Njoo umtoe mle kabla ya pambano la Bingwa, maana wiki ya mwisho Mjomba huwa hapigi kengele ya kusimamisha. Akitoka, mimi nitaangalia moyo wangu unasemaje. Asipotoka, usije kwangu kunipa pole.

Wifi yako


Kituo cha madishi
25 Juni

Mdogo wangu,

Nimerudi salama. Mkuu wa kituo amenikata mshahara kwa ajili ya lile kufuli, nami nimemwambia akate na wa mwezi ujao, huenda nikalivunja tena.

Makala ya zamani nimeiondoa. Naandika nyingine, na safari hii naanza kwa kusema nilikosea wapi. Nimekwisha pata nyingine za aina yake, tupu, zimefifia, ziko peke yake mahali ambapo hakuna aliyefikiri zimetoka vitani. Zote nilizozifuatilia njia yake zilipita katikati ya kundi.

Kule hospitali uliniuliza kama gesi iliyochunwa hurudi, nikajifanya naita nesi. Nakujibu sasa kwa sababu nimechoka kukukosea. Hairudi. Imesambaa mle ndani ya kundi na imekuwa ya moto kama nyingine, hakuna wa kuikusanya. Nyota zilizokwisha zaliwa ndizo zilizobaki. Zile kubwa za mbwembwe zimekufa, lakini ndogo zinawaka kwa uchache, na zitawaka muda mrefu mno, mrefu kuliko wote tutakaokuwepo kuzitazama. Daktari bingwa wa vichwa alivyosema kuhusu wewe ni karibu na hayo. Kilichoondoka kimeondoka, kilichobaki kinaweza kudumu, kwa sharti kwamba usipigwe tena, hata kofi la utani.

Yale ya ukumbini sitaki kuyaandika. Naona aibu, mtu mzima na shahada zangu zote, mbele ya watu wote wale. Ulikuwepo, ulijionea. Yatosha.

Mjomba akija hapo usimfungulie. Ameahidi kunishtaki. Mwambie nipo.

Dada yako


Nyumbani
14 Julai

Shikamoo dada,

Naandika polepole. Hii ni siku ya tatu, au zaidi, barua ni hii hii.

Unasema nilikuwepo, nilijionea. Sina hayo kichwani, dada. Nimetafuta. Nina gari la Mjomba, kiti cha nyuma kimechanika. Halafu nina dari la hospitali. Hapo katikati hakuna kitu hata kidogo.

Mama watoto anakuja mchana na binti. Taya limepona, limekaa upande kidogo. Anakaa kwenye kiti karibu na mlango na mlango anauacha wazi. Mimi nakaa upande wa dirisha, mikono naiweka mezani aione. Binti jana alikuja mpaka katikati ya chumba. Sijaomba kitu, wewe pia usiniombee. Mama yake ananiletea vitambaa nimkatie vifungo vya zamani, ananilipa chai.

Yeye hakuwepo ukumbini siku hiyo, kwa hiyo hawezi kunisimulia. Alikuja Bingwa. Mkanda ameukosa, Mjomba amemfukuza, uso wake umeharibika vibaya. Alikaa hapa akalia kwa sababu yangu mpaka nikamwonea huruma. Akaniambia ulipanda ulingoni na viatu, raundi ikiendelea, na konde lililokuwa langu likakupata wewe begani. Akaniambia ulishuka ukampiga Mjomba kofi, halafu ngumi, na Mjomba akaanguka juu ya ndoo ya mate. Anasema ilikuwa ngumi nzuri, kidole gumba kilikuwa nje. Nilimwuliza ulisema nini, hajui. Nilimwuliza mimi nilifanya nini, hajui. Bondia anaona ngumi tu.

Makonde yote niliyokula mle ndani ninayo, yako mwilini yote. Lile moja tu lililopigwa kwa ajili yangu ndilo sina. Dada, hilo nalitaka.

Aibu yako iweke kando. Niandikie. Anzia mlangoni, ulivaa nini, nani alikuzuia, ulisema neno gani kwanza. Usiruke kitu. Andika ulipopanda nilikuwa nimesimama au nimeshika kamba. Andika nilikutazama vipi, na kama nilikujua. Kama sikukujua, andika hivyo hivyo.

Gogo